Kuomba Mahakama Ikutangaze Mufilisi Dar es Salaam: Huduma Hii Inamfaa Nani?

Ukipita mtaa wa Makunganya pale Posta, watu wengi wanaoingia ofisi za RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) wamefuata cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo au mambo ya mirathi. Wachache wanajua kuwa wakala huohuo ndio unaosimamia ufilisi wa mtu binafsi: ukizidiwa na madeni, unaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba utangazwe mufilisi, yaani mtu asiyeweza kulipa madeni yake, na mali yako pamoja na madeni yako vikawekwa chini ya Mfilisi wa Serikali aliye RITA. Huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa: unalipia nini, unapata nini, unapoteza nini, na kuna njia gani nyepesi kabla hujaifikia.

Tuseme msimamo wetu mapema. Kwa wadaiwa wengi wa Dar, hasa walionaswa na mikopo kausha damu (ile ya mitaani yenye riba kubwa mno) na mikopo ya kwenye simu, huduma hii ni nzito kuliko tatizo lenyewe. Kwa mwenye nyumba anayoishi na ambayo hakuiweka rehani, inaweza kuwa hasara kubwa. Inamfaa mtu wa aina moja hasa: mwenye wadai wengi wasio na dhamana, ambaye hukumu zimeshatoka, dalali wa mahakama anamfuata, hana mali ya maana, na kipato chake hakiwezi kumaliza madeni hata akipewa miaka kadhaa.

Mambo yanavyokwenda

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Ni sheria ya tangu enzi za mkoloni, iliyofuata mtindo wa Uingereza wa wakati ule, na hilo linaonekana kwenye kila hatua: viapo, mikutano, matangazo, mahojiano. Mtu aliyezoea kumaliza mambo kwa kontro namba na ujumbe wa simu ajiandae kwa mwendo tofauti.

Kazi inaanzia nyumbani, kabla ya kumwona wakili. Andika kila unayemdai na kila anayekudai. Kwa kila deni weka jina, anwani, kiasi cha awali, tarehe ya kukopa, riba, ulichokwishalipa, dhamana kama ipo, na jina la mdhamini. Upande wa mali usiishie kwenye kiwanja na pikipiki. Weka hisa na akiba za SACCOS, salio la benki na la simu, bidhaa zilizo dukani, kodi uliyolipa mbele ya fremu, hela unayowadai wateja, na fungu lako la mirathi hata kama ndugu hawajagawana. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Nyumba ya marehemu baba ambayo haijagawanywa inaachwa kwa kudhani kuwa si mali bado, kisha mdai mmoja anayeijua familia anaitaja mbele ya jaji. Baada ya hapo kila utakachosema kitapimwa kwa mashaka.

Ombi lenyewe linafunguliwa Mahakama Kuu kwa mfumo wa kielektroniki, na ada inalipwa kwa kontro namba. Mbali na ada ya mahakama kuna amana ya kugharamia kazi ya mfilisi, halafu kuna wakili, ambaye kwa kawaida ndiye gharama kubwa kuliko zote. Mwombe akuandikie bei kwa vipande: kuandaa ombi, kuhudhuria mikutano ya wadai, kukusimamia siku ya kuhojiwa, na ombi la mwisho la kuondolewa ufilisi. Ukipewa bei moja ya jumla, ulizia hicho kipande cha mwisho. Mara nyingi ndicho kinachosahaulika, na bila hicho utabaki mufilisi.

Jambo la kulielewa vizuri kabla ya kusaini: ombi lako ni ungamo mbele ya mahakama kwamba huwezi kulipa madeni yako. Likishapokelewa huwezi kulirudisha kwa kubadili mawazo, mpaka mahakama ikuruhusu. Kwa hiyo usilifungue kama kitisho cha kuwafanya wadai walegeze kamba.

Mahakama ikiridhika inatoa amri ya kupokea mali. Kuanzia hapo Mfilisi wa Serikali ndiye mshika mali zako, amri inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti la kawaida, na mdai asiye na dhamana hawezi tena kukuandama wewe wala mali yako bila ruhusa ya mahakama. Hii ndiyo faida kubwa ya huduma nzima. Dalali anasimama, na kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni la hukumu, kinasimama kwa madeni hayo.

Kisha unapewa siku chache tu kuwasilisha taarifa ya mali na madeni kwa kiapo. Kama orodha ya mwanzo uliiandaa vizuri, hapa ni kazi ya kunakili na kuthibitisha. Kama hukuiandaa, hapa ndipo watu wanapochelewa na kuonekana wakaidi. Unafuata mkutano wa wadai, ambapo kila mdai anathibitisha deni lake kwa vielelezo, halafu unahojiwa hadharani mahakamani. Utaulizwa ulikopa kwa nini ilhali ulishashindwa, hela ilikwenda wapi, gari lilihamia kwa shemeji lini na kwa bei gani. Zawadi na mauzo ya bei ya kutupa uliyoyafanya kabla ya ombi yanaweza kubatilishwa. Vivyo hivyo malipo ya kumpendelea mdai mmoja, kwa mfano kumlipa kaka yako deni lote wiki kadhaa kabla ya kufungua ombi huku wengine wakiambulia patupu.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Wadai wanaweza kukubali mapatano, yaani walipwe sehemu au kwa awamu. Hilo linahitaji wadai walio wengi kwa idadi, wenye robo tatu ya thamani ya madeni yaliyothibitishwa, kisha mahakama iyaridhie. Wasipokubali, unatangazwa mufilisi, mali inauzwa, na fedha inagawanywa kwa utaratibu: gharama za ufilisi, kisha madeni yenye kipaumbele kama kodi na mishahara ya waliokufanyia kazi, halafu wengine kwa uwiano.

Nyumba unayoishi

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo kosa la gharama kubwa linapofanyika.

Deni la kawaida likifika kwenye kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakulinda kwa baadhi ya mali. Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na nyumba ya makazi unayoishi wewe, mkeo na watoto wanaokutegemea havikamatwi. Dalali akija na hati ya kukamata mali kwa deni la duka, nyumba ya namna hiyo ina kinga, nawe unatakiwa kuileta hoja hiyo mahakamani mapema, kabla mnada haujatangazwa. Kinga hiyo haipo kama nyumba uliiweka rehani mwenyewe.

Sheria ya Ufilisi ina orodha yake ya vitu vinavyobaki kwa mufilisi, nayo ni fupi: zana za kazi, nguo na matandiko ya familia, tena hadi thamani ndogo, pamoja na mali unayomshikia mtu mwingine kwa niaba yake. Nyumba ya kuishi haimo kwenye orodha hiyo. Maana yake mtu anaweza kutoka kwenye utaratibu unaomlindia nyumba akaingia, kwa ombi lake mwenyewe, kwenye utaratibu unaoitia nyumba ileile kwenye kapu la kugawana. Wakili wako akikwambia ufungue ombi na unayo nyumba, swali la kwanza la kumuuliza ni hilo, na akujibu kwa maandishi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo anadaiwa na benki milioni 35 kwa rehani ya kiwanja cha Kigamboni chenye thamani ya milioni 28. Wauzaji wa jumla watatu wanamdai milioni 22. SACCOS inamdai milioni 6, na ana wadhamini wawili. Programu za mkopo kwenye simu zinamdai 800,000, na mkopeshaji wa mtaani anamdai milioni 5 zilizotokana na milioni 2. Jumla ni milioni 68.8.

Akitangazwa mufilisi, benki inauza kiwanja kwa dhamana yake na kubaki na dai la milioni 7, ambalo linaungana na ya wengine kuwa milioni 40.8. Kama ana nyumba Chanika yenye thamani ya milioni 45, nyumba inaingia kapuni, inauzwa kwa bei ya haraka, gharama za ufilisi zinatolewa kwanza, na wadai wanalipwa karibu chote au sehemu kubwa. Huyu kapoteza nyumba, kapata jina la mufilisi, na kwenye madeni hakusamehewa cha maana. Ilikuwa bora auze kiwanja mwenyewe kwa bei ya soko kwa makubaliano na benki, kisha aombe awamu kwa waliobaki.

Mpangishe sasa mtu huyohuyo Mbagala, asiwe na nyumba, awe na bidhaa za milioni 3 tu. Kwa milioni 40.8 za madeni yasiyo na dhamana, hizo milioni 3 zikishatoa gharama ni kama hakuna. Wauzaji wa jumla wameshapata hukumu na wanataka afungwe. Huyu ndiye mteja halisi wa huduma hii, na kwake tunaipendekeza bila kusita.

Katika hali zote mbili kuna watu ambao ufilisi hauwagusi kwa wema: wadhamini wa SACCOS. Kuondolewa ufilisi kunakufungua wewe. Aliyekudhamini anabaki na deni lote. Waambie kabla hujafungua ombi. Wana haki ya kujua, na wakishalipa wanaweza kuja kudai kwenye mali yako kama wadai wengine.

Njia nyepesi, ambazo wengi wanaziruka

Kama kesi bado ipo mahakamani au hukumu imetoka karibuni, omba kulipa kwa awamu. Sura ya 33 inairuhusu mahakama kuamuru hivyo. Ombi linaloshinda ni lenye namba: mshahara au mauzo ya mwezi, kodi ya nyumba, ada za shule, chakula, kisha kiasi kinachobaki, na malipo ya kwanza ukiwa nayo mkononi siku hiyo. Ukisema "nitajitahidi" bila karatasi, mdai atasema unachelewesha, na hakimu atakuwa hana cha kushika.

Ukiitwa kueleza kwa nini usifungwe kama mfungwa wa madai, usikose tarehe hiyo hata kama huna wakili. Peleka taarifa za benki na za miamala ya simu za miezi sita, mkataba wa pango, barua ya mwajiri au ushahidi kuwa biashara imefungwa. Anayefungwa hivi ni yule anayeonekana ana uwezo na anakwepa. Kifungo chenyewe hakizidi miezi sita, mdai ndiye anayelipa posho ya chakula chako, na ukitoka deni linabaki palepale, ila hukamatwi tena kwa hukumu hiyohiyo. Wadai wakiifanya hesabu hiyo, wengi hukubali awamu.

Angalia umri wa deni. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 kufunguliwa kesi, na hukumu ina miaka 12 kukazwa. Lakini kukiri deni kwa maandishi au kulipa kidogo kunaanzisha hesabu upya, kwa hiyo usisaini karatasi ya "kuthibitisha salio" ya deni la zamani kabla ya kuionyesha kwa mwanasheria.

Kwa mikopo ya mitaani na ya simu, anzia kwenye leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji wa biashara awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ndio hawa wasiopokea amana. Kwa mkopo wa milioni 1, riba ya mwezi haizidi 35,000. Anayekutoza 300,000 yuko nje kabisa ya ukomo huo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Tafuta jina la aliyekukopesha kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Akiwa nayo, peleka malalamiko kwake kwa maandishi kwanza, na asiporekebisha yapeleke Benki Kuu. Akituma ujumbe wa kukuchafua kwa watu walio kwenye simu yako, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sababu Sheria ya mwaka 2022 inakulinda. Piga picha za ujumbe huo, namba na saa vionekane, kabla haujafutwa.

Kama mkopeshaji ameshika kadi yako ya benki na namba ya siri, nenda benki leo, zuia kadi, toa mpya. Kama ulisainishwa mkataba wa mauziano ya nyumba au kiwanja badala ya mkataba wa mkopo, na hasa kama haukuwa na tarehe, hilo si suala la kusubiri ufilisi: tafuta wakili wiki hii, na mjulishe kwa maandishi mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyegonga muhuri. Nyumba ya familia ina ulinzi mwingine pia. Rehani ya nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza ina kasoro kisheria, na benki inapotaka kuuza rehani lazima kwanza itoe notisi ya siku 60. Tumia siku hizo kutafuta mnunuzi wako mwenyewe.

Na polisi? Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai. Linakuwa jinai pale penye udanganyifu, mfano kukopea jina au hati ya kughushi. Ukiitwa kituoni nenda, lakini usikubali kuandika ahadi ya kulipa kiasi usichokikubali ili tu utoke.

Wasio na hela ya wakili waende kwenye mashirika ya msaada wa kisheria yaliyosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Dar ina bahati hapo: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo, WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wapo Kinondoni, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) wapo. Nenda na ile orodha yako ya madeni ikiwa tayari, maana muda wa mshauri ni mfupi na foleni ni ndefu.

Ukishakuwa mufilisi

Mali utakayoipata kabla ya kuondolewa ufilisi, ikiwemo mirathi, inaweza kuchukuliwa kwa ajili ya wadai, na sehemu ya kipato chako pia. Huruhusiwi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Ukikopa bila kumwambia mkopeshaji kuwa wewe ni mufilisi, kwa kiasi kinachozidi kile kilichowekwa na sheria, unafanya kosa la jinai. Kwa hiyo futa programu za mkopo kwenye simu yako, maana kubonyeza mara mbili kunatosha kukuingiza hatiani. Madeni yaliyotokana na ulaghai hayafutiki hata baada ya kuondolewa.

Kuondolewa huko hakuji kwenyewe kwa kupita miaka. Ni lazima uombe, Mfilisi wa Serikali atoe ripoti ya mwenendo wako, na jaji anaweza kukubali, kukataa, kuahirisha au kuweka masharti, kama vile uendelee kutoa kiasi fulani cha mshahara. Ripoti mbaya hutokana na mambo yaleyale: vitabu vya biashara visivyokuwepo, kukopa ukijua huwezi kulipa, kuficha mali, kutofika ulipoitwa. Weka daftari la kila ulichopewa na kila ulichotoa tangu siku ya amri, na kila ukipeleka karatasi RITA hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Ukipata amri ya kuondolewa, toa nakala zilizothibitishwa uzipeleke kwa kila mdai wa zamani na kwa taasisi za taarifa za mikopo, kisha uombe ripoti yako ya mikopo na uisome mstari kwa mstari. Deni lililofutwa na mahakama likiwa bado linasomeka kuwa linadaiwa, wasilisha pingamizi kwa maandishi ukiambatanisha nakala ya amri.